Kulala na Kujilaza

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, vyote siku moja, na paa la maktaba limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya rafu ya kamusi. Fundi aliahidi kuja wakati wa likizo. Likizo imekwisha. Nimehamisha kamusi, nimetega ndoo, na daftari hili la kuorodhesha vitabu vilivyopotea nimelichukua liwe langu. Vinavyopotea ni vingi mno kuorodheshwa.

Nukta karudi na viatu mkononi. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, niko naye tangu ana miaka mitano. Jina la Nukta nilimpa mimi kwa udogo aliokuwa nao siku ile anafika. Sasa ana kumi na saba na kanipita urefu, lakini jina limeganda.

Jumatano, 5 Machi

Nukta kasema, "Mama mdogo, leo nililala kidogo baada ya shule." Nikamuuliza, ulilala au ulijilaza? Maana nilimwona, macho wazi, miguu juu ya ukuta. Akacheka. "Haya, nilijilaza." Basi. Kujilaza ni kuweka mwili kitandani, kulala ni usingizi ukuchukue. Maneno mawili, vitu viwili. Mtoto wa nyumba hii hawezi kuyachanganya.

Wanafunzi wananiita Kamusi nikigeuka. Wanadhani sisikii. Nasikia, na napenda.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefunua kalenda ya jikoni kutafuta tarehe ya fundi bomba, nikakuta vidoa vya penseli. Januari kimoja, Februari kimoja, Machi kimoja. Nilidhani ni siku gesi ilipoisha. Nukta akanijibu bila kupepesa macho, "Ni siku zangu, mama mdogo. Nesi alipokuja darasani alisema tuziwekee alama, zikichelewa mtu ajue."

Nikamwambia mambo ya mwanamke hayaandikwi ukutani. Fundi bomba akiingia atasoma nini? Nikachukua kifutio, nikavifuta mwenyewe, vyote vitatu. Hakubisha. Kaosha vyombo, kaingia chumbani kwake.

Jumatatu, 10 Machi

Nesi wa kituo cha afya alikuja maktaba mchana, kalowa mpaka magotini, bahasha kaifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Ni rasimu ya kijitabu cha vijana: mwili unavyokua, mimba inavyoingia, magonjwa, kujikinga, na mtu aende wapi akipata shida. Kurasa thelathini na mbili. Mkuu wa shule kakubali kigawiwe, kwa sharti kwamba mimi nikipitie.

"Herufi tu, dada," Nesi alisema. "Yaliyomo madaktari wameshayapitia."

Nimekaa nacho mpaka kengele ya mwisho. Herufi hazina neno. Tatizo ni ulimi. Uume, uke, hedhi, kujamiiana, yote hadharani, hakuna hata moja lililovikwa nguo. Nimechukua kalamu nyekundu.

Jumatano, 12 Machi

Nesi amekuja kuchukua rasimu. Alifungua, akafunga, akafungua tena.

"Dada, nilikuomba uniangalizie herufi, umeniangalizia heshima."

"Vyote vinakwenda pamoja."

Akanisomea ukurasa wa tisa kwa sauti. Yeye alikuwa ameandika: Msichana anaweza kupata mimba anapojamiiana na mvulana, hata mara moja tu. Mimi nimeandika: Msichana anaweza kupata mimba anapolala na mvulana, hata mara moja tu. Nikamuuliza, kuna mtu nchi hii asiyejua maana yake?

"Wakubwa wanajua," alisema. "Kijitabu si cha wakubwa."

Nikamwambia lugha yetu ina adabu zake, na kijana ataielewa kama sisi tulivyoielewa. Akaniuliza mimi niliielewa lini, na nani aliniambia. Ukweli ni kwamba sikumbuki kuambiwa na mtu.

Tukampelekea mkuu wa shule aamue. Alisoma rasimu yangu akiwa amesimama, akasema, "Sasa hiki hata mama yangu anaweza kukisoma." Nesi akasema mama yake hayumo katika walengwa. Mkuu hakucheka. Imepita yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Alhamisi, 20 Machi

Vijitabu vimefika kutoka kiwandani, mia tatu, jalada la kijani, vinanuka wino. Nyuma kabisa, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwamba lugha imesanifiwa na mimi, jina langu kamili. Nimelisoma mara tatu. Niliahirisha kula ili nimalize kuvihesabu na kuvigonga muhuri.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeacha kimoja juu ya meza ya kulia, karibu na kikombe cha Nukta, nikatoka kwenda kuanika nguo ingawa jua halikuwepo. Niliporudi hakikuwepo mezani. Wala yeye hakusema kitu, wala mimi. Nikahesabu kwamba nimefundisha.

Jumatano, 26 Machi

Kuna kijana mmoja mrefu wa darasa la juu, anarudisha vitabu kwa wakati. Jambo hilo peke yake lilitakiwa kunitia wasiwasi. Anakaa meza ya karibu na ndoo, na Nukta siku hizi naye anapenda meza hiyo. Nimewaona wakisoma kijitabu cha kijani pamoja, vichwa vimeinama, wazito kama mahakimu. Nilifurahi. Nilimwambia hata mwalimu wa baiolojia, ambaye sura ile ya uzazi huwa anawaambia wakaisome wenyewe.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku nzima. Hakuna wa kuazima kitabu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nukta alikuwa anachambua mchele, mimi napiga pasi. Akasema, "Mama mdogo, mtu akitaka kuuliza kitu cha kwenye kile kitabu?"

Nikamwambia, "Kila kitu kimo humo. Soma tena, taratibu."

"Nimesoma."

"Basi umeshaelewa."

Akaendelea na mchele. Nukta yangu si mtu wa kuuliza mara ya pili.

Alhamisi, 17 Aprili

Yule kijana mrefu kahamishwa shule, baba yake kapata kazi mji mwingine. Karudisha vitabu vyote kabla ya kuondoka. Nimempa kalamu ya zawadi.

Jumapili, 4 Mei

Nukta kaamka na tumbo. Kakataa chai. Nimempa limau. Mvua imepungua, fundi wa paa anasema sasa paa limelowa mno, tusubiri kiangazi.

Ijumaa, 9 Mei

Kalenda ya jikoni ni safi. Aprili nyeupe, Mei nyeupe. Nilimsifia kwamba kajifunza kutunza siri zake. Alinitazama muda mrefu kidogo, akasema, "Asante, mama mdogo."

Jumanne, 20 Mei

Nukta ana homa. Anasema ni malaria. Nimempa dawa ya kushusha homa, nimemwacha kajilaza, nimekwenda kazini. Nimekwenda kazini.

Alhamisi, 22 Mei

Niko kwenye benchi la wodi ya wanawake. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, sijui kwa nini nalitoa. Nataka mikono ifanye kitu.

Jana saa sita mchana jirani alinipigia simu maktaba, akaniambia niache nilichoshika, nije. Nilimkuta Nukta sakafuni bafuni, mgongo kwenye ndoo, uso rangi ya majivu, mwili moto. Damu sitaiandika. Jirani alitafuta gari. Njia nzima kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu na alikuwa ananiomba msamaha, mimi nadhani anaomba msamaha kwa ajili ya kiti cha gari la watu.

Nesi ndiye aliyetupokea. Alimgusa tumbo, akamwinamia, akamuuliza kwa maneno yaleyale niliyoyafuta kwa kalamu nyekundu. Umejamiiana na mtu? Mara ya mwisho hedhi ilikuja lini? Umekunywa nini kuitoa mimba, nani kakupa? Nukta akamjibu kila swali, moja baada ya jingine. Nilisimama pale nikasikia kwamba mtoto wangu ana mimba ya wiki nane au tisa, na kwamba wiki iliyopita mwanamke mmoja wa vyumba vya nyuma ya stendi alimpa vitu vya kunywa, na kwamba tangu Jumapili anaumwa na anaficha.

Walipokwenda kumwita daktari nilibaki naye. Nilitaka kumfokea. Nikamuuliza tu, ilikuwaje, mwanangu, na kitabu ulikisoma?

"Nilikisoma ndiyo maana," alisema. "Kilisema kulala. Sisi hatukulala, mama mdogo."

Nikadhani homa imempanda kichwani.

"Ilikuwa mchana," alisema. "Hakuna aliyefumba macho. Kulala ni usingizi ukuchukue. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Alisema bila kunilaumu, anaeleza tu, kama anavyonieleza hesabu iliyomshinda. Walikisoma wote wawili, ukurasa wa tisa, wakajadiliana. Yule kijana alisema labda ina maana nyingine. Nukta akamwambia hapana, lugha ya kitabu hiki ameisanifu mama mdogo, na mama mdogo akiandika kulala ana maana ya kulala.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia alipojua.

"Ningeanzaje? Sikuwa na neno la kukuambia ambalo usingelifuta."

Daktari alikuja saa tisa. Ni mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, mwenye sauti ya upole. Alinitoa nje ya pazia. Uchafu umeingia ndani na kusambaa kwenye damu, dawa hazishiki, mfuko wa uzazi umeoza. Wakiuacha, mtoto anakufa kabla ya asubuhi. Wakiutoa, huenda akapona. Alisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Akanipa fomu. Mtoto hajafika miaka kumi na minane, wa kusaini ni mimi.

Nilisaini kwa mwandiko wangu mzuri. Nilisoma kwanza, nikaona neno moja limekosewa herufi, na Mungu anisamehe, mkono wangu ulitaka kulisahihisha.

Ijumaa, 23 Mei

Yuko hai.

Jumatatu, 26 Mei

Homa imeshuka. Kanywa uji nusu kikombe. Nimelia bafuni mwa wodi mpaka mfanyakazi wa usafi akaniuliza nimefiwa na nani.

Daktari alitaka kumweleza Nukta leo. Nilimshika mkono. "Niachie mimi, daktari. Nimemlea mimi, nitamwambia mimi." Akasema sawa, lakini nisichelewe.

Mchana Nukta aligusa bandeji ya tumboni akaniuliza, "Walinifanya nini?"

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Niliitunga usiku kucha kwenye benchi. Nikafungua mdomo, likatoka lingine.

"Walikusafisha."

"Ah," alisema, akafumba macho. Kusafishwa anakujua. Kila mwanamke aliyeharibikiwa na mimba anasafishwa, anapumzika, maisha yanaendelea. Nilimwona uso wake unatulia, na nilishukuru. Ndivyo nilivyo.

Ijumaa, 30 Mei

Tumerudi nyumbani. Mvua imekata, uani kumebaki tope. Nesi alitusindikiza mpaka mlangoni, akasubiri Nukta aingie ndani.

"Umemwambia?"

"Bado. Apate nguvu."

Jumanne, 3 Juni

Nukta kaniuliza kusafishwa kunaacha mshono mrefu namna hii? Nikasema ya kwako ilikuwa ngumu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimezunguka madarasa yote kukusanya vijitabu vya kijani. Wanafunzi wanadhani vimepigwa marufuku, kwa hiyo sasa kila mtu anakitaka. Vimerudi mia mbili themanini na moja. Vilivyobaki ni hasara ya kawaida ya maktaba, isipokuwa kimoja. Hicho najua kiliko, chini ya mto wa Nukta.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia nimekosea ukurasa wa tisa na kurasa nyingine kumi na moja, na nitazisahihisha kwa mkono, kitabu kimoja kimoja. Akasema nani atakubali maneno yale humu shuleni. Nikamwambia binti yangu yuko nyumbani na mshono kutoka kitovuni kwenda chini kwa sababu ya neno langu moja zuri. Akaangalia dirishani. Akasema, "Fanya, mwalimu." Mimi si mwalimu, lakini sikumsahihisha.

Jumapili, 8 Juni

Vijitabu ishirini jana. Nakata kulala, naandika kujamiiana. Nakata siku zake, naandika hedhi. Kidole cha kati kimeota sugu.

Leo asubuhi, kwenye kalenda ya jikoni, kuna mstari mwembamba wa penseli chini ya tarehe 22 ya Juni. Nilijua kabla sijauliza. Nukta alisema, "Wiki nne tangu nisafishwe inapita tarehe kumi na tisa. Naweka nafasi kidogo. Utafuta?"

"Sifuti."

"Nataka safari hii nijue mapema kila kitu," alisema. "Sirudii ujinga, mama mdogo." Akanibusu kichwani na kwenda kupasha maji.

Niliketi jikoni mpaka maji yakachemka na kukauka. Alipita akazima jiko.

Jumamosi, 14 Juni

Vijitabu thelathini na tano. Nesi kapita maktaba. "Umemwambia?" Bado.

Alhamisi, 19 Juni

Wiki nne. Nukta kaanza kucheka tena. Alikuwa anaiga jinsi mwalimu wa baiolojia anavyokohoa akifika ile sura. Jirani alikuja na mtoto wake mchanga, Nukta akambeba saa nzima, akasema yeye atazaa wawili tu, wa kwanza akiwa msichana atampa jina la mama yake. "Lakini baadaye sana, usinitazame hivyo. Nimalize shule kwanza, nifanye kazi."

Nilikwenda uani nikasingizia nguo. Sikuwa nimeanika nguo.

Jumapili, 22 Juni

Alikwenda bafuni mara nne.

Jumamosi, 28 Juni

Ameufuta ule mstari wa tarehe 22 na kuchora mwingine ukurasa wa Julai. Kitabu kinasema siku za aliyesafishwa zinaweza kurudi baada ya wiki nne, zinaweza kuchelewa mpaka nane. Sentensi hiyo ni ya Nesi, lakini wanawake waliosafishwa ndio waliokusudiwa. Kwake yeye kila neno la ukurasa ule ni uongo, na uongo huo ni wangu.

Vijitabu hamsini leo. Nafanya haraka sana siku hizi.

Jumatano, 2 Julai

Nesi alivuta kiti akakaa mbele yangu, akanitazama nikikata na kuandika, nikikata na kuandika.

"Dada, unasahihisha vitabu mia tatu. Mtu mmoja amekushinda."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia kwamba kila asubuhi nikimwona anatembea bila kujishika tumbo nasema leo, na kila leo namwona kafurahi kidogo na ninaogopa kukichukua hicho kidogo. Nilimwambia nina woga, basi. Nilikuwa nauita heshima, nauita adabu ya lugha, kumbe muda wote ni woga. Nesi hakunifariji na hakunisuta. Alichukua kalamu ya pili akasahihisha vitatu, mwandiko wake mbaya.

Akiwa anaondoka akasema, "Ana miadi Jumatatu tarehe kumi na nne, saa tatu. Daktari atampima, atamuuliza. Akija hajui, nitamwambia mimi, na nitamwambia kwamba wewe ulijua. Sitaki kumwambia hilo la pili."

Jumapili, 6 Julai

Bado.

Ijumaa, 11 Julai

Vijitabu vimekwisha. Mia mbili themanini na moja. Nimevipanga kabatini, na safari hii sikufunga kabati. Wasichana wawili wa darasa la kwanza waliingia wakavichukua, wakafungua ukurasa wa tisa wamesimama, wakasoma lile neno, wakatazamana. Mmoja akasema, "Kumbe ndilo hili." Wakaketi kuendelea kusoma.

Kimebaki kimoja.

Jumapili, 13 Julai

Naandika jioni, jua bado lipo.

Saa nne asubuhi nilibisha mlango wa Nukta nikiwa na kalamu. Nikamwambia nipe kijitabu chako nikisahihishe, ni cha mwisho. Akakitoa chini ya mto. Kona zimelegea kwa kufunuliwa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikafungua ukurasa wa tisa.

Alikuwa ameshalikata lile neno mwenyewe, kwa penseli. Juu ya neno langu kaandika neno la Nesi, herufi zote sawa. Hakubonyeza penseli kwa hasira. Kasahihisha tu, kama nilivyomfundisha, mstari mmoja juu ya kosa ili kosa lisomeke.

Nikageuza kurasa mpaka pale pa siku kurudi. Pembezoni kaandika tarehe, moja chini ya nyingine. Wiki ya nne, bado. Wiki ya tano, bado. Wiki ya sita, bado. Wiki ya saba, bado. Chini yake kaacha nafasi ya mstari mmoja.

"Imebaki moja tu," alisema. "Hata hivyo kesho nitamuuliza daktari."

Niliweka kalamu chini. Nikasema, "Nukta, haitakuja."

"Inachelewa, wamesema mpaka wiki nane."

"Sikiliza, mwanangu. Hukusafishwa. Nilikudanganya. Mfuko wa uzazi ulikuwa umeoza, ungekuua, wakautoa. Walikufanyia upasuaji wakatoa kizazi. Hedhi haitarudi. Hutabeba mimba. Nilisaini mimi, na nilijua tangu siku ile, na nilikuacha uhesabu."

Nilisema yote. Sikuvika nguo hata neno moja. Hakulia. Alikuwa ananitazama mdomo, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa mbali.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena.

"Kizazi chote?"

"Chote."

"Siyo kusafisha."

"Siyo kusafisha. Kutoa."

Alikichukua kijitabu mapajani mwangu. Alitafuta penseli yake kwenye shuka, akaipata, akakata neno kusafishwa kwa mstari mmoja, na pembeni, pale alipoacha nafasi, akaandika: kutolewa. Akanionyesha niangalie kama herufi ziko sawa. Nilimwambia ziko sawa. Hapo ndipo mimi nilipolia, na yeye akaniacha nilie, hakunigusa, na sikustahili kuguswa.

Baada ya muda akauliza, "Na yule msichana niliyesema nitampa jina la mama?"

Sikuwa na neno. Nilitafuta, kweli nilitafuta, na safari hii haikuwa kuficha. Halikuwepo.

Akaenda jikoni. Nilisikia kifutio kwenye kalenda, muda mrefu, mpaka karatasi ikalia. Akarudi akasimama mlangoni.

"Kesho tutakwenda wote," alisema. "Nataka daktari aniambie mwenyewe, wewe uwepo."

"Nitakuwepo."

"Sasa naomba uniache. Nataka kujilaza, mama mdogo."

Nilitoka nikavuta mlango. Nimeketi hapa sebuleni tangu saa sita, ukuta mmoja kati yetu, nimetega sikio. Chakula chake nimekifunika. Kitanda kinalia kila akigeuka, na amegeuka mchana kutwa.

Hajalala.